Mnyama Aliyewekewa Masale

Mwaka mmoja baada ya Malkia kuvishwa taji kule kwao Uingereza, mwalimu Eunike wa Mwika, mlimani Kilimanjaro, alifanya jambo ambalo hata mlevi wa mbege asingethubutu: alipanda masale katikati ya kiwanja kinachogombewa na koo mbili. Na wala hakuwa mlevi. Akili zake zilikuwa timamu, tena nyingi, lakini wahenga hawakukosea waliposema akili nyingi huondoa maarifa.

Kwa asiyejua, isale ni ule mmea mwembamba wa majani marefu tunaouona kwenye kingo za vihamba vyetu, mashamba ya migomba tuliyorithi. Ndio mpaka. Ndio ushahidi. Ukilipanda isale mahali, umesema hapa ni pangu, na wa kuling'oa bila baraza bado hajazaliwa. Eunike alilijua hilo tangu anabebwa mgongoni, na ndiyo sababu aliyachagua. Mtaona wenyewe.

Tuanze na mnyama. Eunike alikuwa amempenda mnyama aliyekwisha kufa. Alimkuta kwanza katika kitabu cha Kiingereza huko chuoni, picha moja tu, mjusi mwenye shingo ndefu kupita twiga, anaitwa dinosau. Akadhani ni hadithi za kufurahisha watoto wa Wazungu. Kisha siku moja akashuka Moshi mjini kuagiza madawati ya shule kwa fundi seremala mmoja wa Rau, Mikidadi, mtu wa kusini, mwenye maneno mengi kuliko misumari yake. Katika mazungumzo fundi akamwambia, "Mwalimu, mimi ujana wangu nimebeba mifupa ya majitu. Tendaguru, karibu na Lindi. Waingereza wanachimba, sisi tunabeba kwa vichwa mpaka pwani, siku nenda siku rudi. Mfupa mmoja wa mkono, mkono tu, unanipita urefu!"

"Mkono wa nini?" Eunike akauliza, na madawati yakamtoka kichwani.

"Wa mnyama mwenye shingo kama hii," fundi akasema, akanyoosha mkono juu mpaka akapanda kwenye kigoda, na bado akasema haijafika.

Kumbe si hadithi! Kumbe ni nchi hii hii, Tanganyika hii hii, na wabebaji wake wako hai wanapiga randa Rau! Tangu siku ile Eunike hakushikika. Akila, dinosau. Akisahihisha hesabu za watoto, dinosau. Aliomba vitabu kila mahali, akasoma mpaka macho yakawasha, kisha akaandika makala kwa Kiswahili, akampelekea Bwana Efraimu, mhariri wa gazeti dogo la kila mwezi lililosomwa na wakulima wa kahawa.

Bwana Efraimu aliisoma mbele yake. Ukurasa wa pili akapiga mwayo.

"Mwalimu, makala yako inanuka chaki. Unaniambia mnyama ana futi sabini na tano. Mimi futi sabini na tano nazijua za mbao. Mnyama mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa, Bwana Efraimu."

"Na wewe umemuua mara ya pili."

Ilimchoma, lakini hakuondoka. Akasimama pale pale mlangoni mpaka mhariri akaona haya. "Haya, sikiliza," akasema. "Jumamosi nakuja Mwika sokoni. Waonyeshe watu wako huyo mnyama. Wakielewa, wakisimama mpaka mwisho, nakupa ukurasa, na si mara moja, kila mwezi. Wakikuacha ukizungumza na mbuzi, ukurasa naupa tangazo la dawa ya kunyunyizia kahawa."

Ukurasa wa kila mwezi! Eunike alipanda lori la kurudi Mwika hajui hata amekaa juu ya gunia la nani. Hapakuwa na mtu aliyewaandikia watu wa mlimani mambo kama yale kwa Kiswahili chao, na mwanamke ndiyo kabisa. Alitaka ukurasa ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Basi, amwonyesheje mnyama asiyekuwepo? Akaona amchore chini, kwa ukubwa wake halisi, watu watembee ndani yake. Uwanja wa shule ulikuwa mdogo. Alipopima, mkia uliishia chooni kwa wavulana. Mahali pa tambarare palikuwa pamoja tu, kile kiwanja kando ya soko. Juu yake ni ukoo wa mzee Elisaria, chini yake ni ukoo wa mzee Wenseslaus, na kila ukoo unaapa kwamba babu yao ndiye aliyefika kwanza akafyeka. Kesi ilikuwa imezeekea barazani. Hakuna aliyelima, hakuna aliyejenga, mbuzi walikula majani, vijana walicheza mpira.

Eunike akachoma vijiti vya mkaratusi kuzunguka umbo la mnyama. Kesho yake asubuhi havipo, watu wamefanya kuni. Akachoma vingine. Navyo vikaenda kupika ndizi za machalari. Ijumaa mchana fundi Mikidadi akateremka kwenye lori, amebeba begani mfupa wa mkono wa dinosau aliouchonga kwa mbao kama mwalimu alivyomwagiza, mrefu kumpita mwenyewe, akamkuta mwalimu amejishika kichwa.

"Nitapata wapi kijiti ambacho mtu wa Mwika haking'oi?" Eunike akalalama. Na neno halijamtoka vizuri, akaruka. "Masale! Fundi, masale!"

Fundi wa watu, wa kusini, atajuaje? Alishika kamba, akavuta, akapima. Ukungu ulikuwa umeshuka mzito, hakuna aliyewaona. Eunike akakata vipande vya masale kwenye kihamba cha mama yake, akavipanda kimoja kimoja, shingo, kichwa, mabega, tumbo, miguu minne, mkia. Alifanya kazi akiimba. Hakuona ardhi, aliona mnyama tu.

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ukaondoka, na ukelele ukapigwa.

Ukoo wa Elisaria ulishuka na mapanga, ukijua kabisa kwamba watu wa Wenseslaus wameweka mpaka. Ukoo wa Wenseslaus ulipanda na mapanga, ukijua kabisa kwamba ni Elisaria. Wakakutana mkiani. Wanawake waliokuja sokoni wakatua mizigo yao, maana ndizi zinaweza kungoja, ugomvi hauwezi. Mchili Sirili, ndiye msimamizi wa mtaa, akaletwa mbio hata kofia hajaivaa sawasawa.

"Nani amepanda haya?" akanguruma.

Eunike alikuwa anafika wakati ule, uso unang'aa, akidhani umati ule umemjia yeye. Alipoyaona mapanga ndipo akili ikamrudia, yote kwa mara moja. Ee Mungu wangu, nimepanda masale!

"Shikamoo, mchili," akasema. "Ni mimi."

"Binti wa dada yetu!" akashangaa mzee Elisaria.

"Mnaona?" akapaza sauti mzee Wenseslaus. "Mama yake ni wa kwao! Wameshindwa wanaume, wamemtuma msichana!"

"Kwa niaba ya nani?" mchili akauliza. "Mpaka huu ni wa nani?"

"Wa marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Dinosau."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya umati Eunike alimwona Bwana Efraimu amefika, amevaa tai, anafuta vumbi la safari.

"Mwalimu," mchili akasema polepole, "isale si mchezo. Nakupa nafasi, hapa, mbele ya hawa. Eleza mpaka huu ni wa nani, tuelewe. Tusipoelewa, yanang'olewa leo, na wewe unakwenda barazani kwa Mangi kujibu shauri la kuvamia ardhi. Ualimu wenyewe tutaona."

Eunike akaanza. "Dinosau ni wanyama wa jamii ya reptilia, walioishi katika kipindi cha..." Chaki tupu! Alijisikia mwenyewe. Watu wakaanza kunong'onezana, mtu mmoja akakohoa kwa makusudi, Bwana Efraimu akatazama saa.

Hapo ndipo mama mmoja, Mae Ndelilio, muuza maziwa, aliyesimama na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani tangu porini, akauliza kwa uchovu, "Na majani alikuwa anakatiwa na nani?"

Watu wakacheka. Eunike hakucheka. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa.

"Mae Ndelilio, ng'ombe wako anakula mizigo mingapi kwa siku?"

"Miwili, na bado analia, mshenzi yule."

"Huyu wangu angekaa zizini kwako, wanawake wote wa Mwika, wa Mamba na wa Marangu wangeshuka porini alfajiri, wapande na mizigo, na jioni bado angelia!"

Wanawake walilipuka. "Yesu na Maria!" "Afe tu!" "Ndiyo maana alikufa, alikosa wake!"

"Hakuwa na wa kumkatia," Eunike akasema, na sasa sauti ilikuwa yake, ile ya jikoni, si ya darasani. "Shingo yake ndiyo ilimkatia! Njooni muione." Akakamata mkono wa mama huyo, mzigo kichwani vile vile, akaanza kutembea naye kutoka mabegani. Wakatembea, wakatembea. "Bado ni shingo, mae. Bado. Bado ni shingo. Haya, kichwa ndicho hiki."

"Lo! Na akikohoa?"

"Akiinua, anachungulia juu ya kanisa."

Watu wakaingia. Kwanza watoto, wakasimama kwenye miguu, kisha vijana, kisha wazee wenye mapanga wakaingia tumboni wakayasahau mapanga mkononi. Fundi Mikidadi akauinua ule mfupa wa mbao, "Mkono huu! Mimi nimeubeba kwa kichwa changu!"

"Peke yako?"

"Tulikuwa kundi," fundi akakubali. "Lakini kichwa changu kilikuwepo."

Wanaume nao, mkiwajua wanaume wa mlimani, hawakukawia kufika kwenye nyama, maana kwetu kila kipande kina ndugu yake. Kidari cha mnyama huyu ni cha nani? Mguu wa nyuma unakwenda kwa mjomba au kwa shemeji? Na mjomba ataubebaje? Wakaanza kumgawa vipande kwa zamu za ukoo, kwa bidii na kelele, mpaka mmoja akagundua kwamba hata wakilisha ndugu wote na wakwe wote, shingo nzima inabaki. Mzee wa kanisa akauliza kama Nuhu alimpakia. "Aliyaona makwato yake akafunga mlango," akajibiwa na mtu, na Eunike akasema hana makwato, ana kucha, na watu wakapiga makofi kana kwamba amefunga goli.

"Sasa wote wameishia wapi?" mchili akauliza. Alikuwa amekaa juu ya nyonga ya mnyama bila kujua.

"Wakubwa walikufa wote, mchili. Lakini walikuwa na ndugu zao wadogo, wa miguu miwili, wepesi." Eunike akageuka, akamwona muuza kuku. "Dada, niazime huyo jogoo."

Akampindua jogoo, miguu juu, jogoo anapiga kelele za kufa mtu. "Tazameni mguu. Magamba haya ni ya nani? Ya mjusi! Vidole vitatu mbele, kucha. Kule Ulaya umepatikana mwamba wenye alama ya kiumbe mwenye mkia mrefu wa mifupa na meno, kama dinosau mdogo, na mwili mzima una manyoya. Wako wataalamu wanaosema ndege ni jamaa zao wa karibu sana. Wengine bado wanabisha, lakini mimi mguu huu nimeuona."

"Mjusi alilala akaamka kuku?" Wenseslaus akadhihaki.

"Hapana, meku," Eunike akamjibu kwa heshima ya mzee. "Ndama wako hafanani sawasawa na mama yake, sivyo? Mmoja ana miguu mirefu kidogo, mwingine anavumilia baridi kidogo. Anayefaa mahali pake anaishi, anazaa, na watoto wanafuata. Kidogo juu ya kidogo. Mimi na wewe tukikaa kungoja tutakufa hatujaona kitu. Wao walikuwa na muda ambao hatuwezi kuuhesabu hata tukianza leo na wajukuu wakaendelea."

Muuza kuku akamchukua jogoo wake, akamtazama upya toka kishungi mpaka kucha. "Huyu sasa bei imepanda," akasema. "Kumbe ana ukoo mkubwa hivi!"

Eunike aliwatazama kwa furaha. Walikuwa wamesimama! Hakuna hata mmoja aliyeondoka, na wengine walikuwa wanaita jamaa zao kutoka sokoni. Wenseslaus akanyoosha fimbo yake juu, kule Kibo ilikokuwa imejitokeza nyeupe. "Na huko alipanda?"

"Kibo haikuwepo, meku."

Watu wote wakaugeukia mlima, jogoo naye kama amesikia.

"Rudia," akasema mchili.

"Haikuwepo. Wala Mawenzi. Mlima huu ni mawe ya moto, yalitoka chini, yakamwagika, yakapoa, yakamwagika tena. Mnyama huyu na wenzake walikuwa wamekwisha kufa zamani, zamani za zamani, kabla ya moto wa kwanza kutoka. Hapa palikuwa nchi tu, haina mlima."

Mzee Elisaria akavua kofia. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira, na Eunike akaogopa kwelikweli. "Mimi baba zangu wanazikwa wameelekezwa Kibo," mzee akasema. "Tukiomba tunatazama Kibo. Wewe, mtoto niliyekubeba, unaniambia Kibo ni mgeni?"

"Mjomba, Kibo ni mkubwa wetu sisi sote. Lakini angekutana na huyu, Kibo ndiye angeamkia shikamoo."

Mzee aliutazama mlima, akaitazama shingo ya masale pale chini, akautazama mlima tena. Mchili Sirili alikuwa ameinuka kutoka kwenye nyonga, amepata wazo, na wazo lenyewe limempendeza sana.

"Mwalimu, maneno yako tumeyasikia. Sasa apa. Apa mbele ya koo zote mbili kwamba mnyama huyu aliishi hapa, kiwanja hiki. Ukiapa, mpaka ni wake, na hili shauri lililonitoa mvi naliweka pembeni leo."

Neno moja tu. Eunike alimtazama Bwana Efraimu, naye akamwashiria kwa kichwa, apa wewe, apa! Angeapa, masale yangebaki, kwa Mangi asingekwenda, ukurasa ungekuwa wake. Nani angembishia? Alifungua kinywa.

"Siwezi, mchili."

"Huwezi?"

"Mifupa imepatikana kusini, huko Lindi. Hapa hakuna aliyeiona. Kama ipo, mlima umeifunika. Kwamba mlima haukuwepo, hilo ndilo nililolisoma kwa waliouchunguza. Lakini kwamba alipita hapa hasa..." Alikwepa macho ya Bwana Efraimu. "Sijui. Huenda alipita, huenda hakupita. Sijui."

Watu waliguna kwa uchungu kama mtu aliyekosa penalti. Bwana Efraimu akafumba macho. Mchili akainua mkono kutoa amri, na Eunike akajua kwamba amejimaliza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ngoja," akasema mzee Elisaria. "Wewe mtoto. Kule Lindi, alikuwa amefungwa kamba?"

"Hapana, mjomba."

"Mlima wa kumzuia haupo?"

"Haupo."

"Miguu anayo?"

"Minne."

"Basi alifika!" mzee akapiga fimbo chini. "Mnyama wa shingo ile, mwenye njaa ile, akae Lindi peke yake anafanya nini?"

"Hapo," akasema mzee Wenseslaus, ambaye hakuwahi kukubaliana naye hata juu ya mvua, "hapo umesema kweli. Angekuja tu. Majani ya huku ni matamu."

"Lakini wazee wangu," Eunike akaanza, "mimi nimesema sijui..."

"Wewe umesema hujui, tumekusikia," akamkatiza Elisaria. "Sisi tunasema alifika. Usituingilie!" Akaugeukia umati, akajinyoosha, akasema kwa sauti ya baraza. "Wote mmesikia. Aliyefika kwanza hapa ni huyu. Masale yake yasiguswe. Ukoo wangu ni wa pili."

"Wa pili?" Wenseslaus akaruka kama ameng'atwa na siafu. "Wa pili ni sisi! Babu yangu alifika hapa babu yako bado anauliza njia!"

"Babu yako alikuja kuomba moto kwa babu yangu!"

"Moto? Wa pili ni sisi, na mchili anajua!"

Mchili akajishika mvi zake. Kiwanja chote kikawaka, wajomba, mashemeji, kina mama wenye ndizi, kila mtu na upande wake, na fundi Mikidadi akiuliza kwa sauti kwa nini hawamweki yeye wa pili, maana yeye alimbeba. Bwana Efraimu alipenya katikati ya watu, tai imekwenda mgongoni, akamshika Eunike mkono.

"Mwalimu, iandike hivyo hivyo! Majani, jogoo, shikamoo ya Kibo, yote! Na ile 'sijui' yako, usiniondolee hata herufi! Umenisikia?"

Eunike hakumsikia vizuri. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Alikuwa anawatazama wale wazee wawili, fimbo juu, wakigombea nafasi ya pili kwa nguvu zao zote zilizobaki, na hakuna hata mmoja wao aliyeigusa ya kwanza.